Angempeleka Wapi?

Mwaka wa 2018 nilikuwa kidato cha tatu na nilikuwa nimepata simu yangu ya kwanza. Skrini ilikuwa imepasuka lakini kamera ilikuwa safi. Asubuhi moja ya Aprili, tukiwa likizo, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, tulisikia mayowe kutoka shamba la kahawa la jirani, huku kwetu Giakanja. Mama mmoja alikuwa ameenda kukatia ng'ombe majani. Chini ya mti wa kahawa alipata mtoto mchanga amefungwa kwa sweta ya shule. Alikuwa hai. Alikuwa baridi sana, lakini alilia mara moja, kasauti kadogo kama ka paka.

Unajua mimi nilifanya nini? Nilirekodi. Akina mama walikuwa wanavua leso zao kumfunika mtoto, mtu mwingine anakimbia kutafuta bodaboda wampeleke hospitali, na mimi nimeinama pale navuta kamera karibu ili sweta ionekane vizuri. Nikaposti. Kabla ya saa sita video ilikuwa imesheewa kila mahali, na komenti zote zilikuwa swali moja: mama yake ni nani?

Kufikia jioni walijua, kwa sababu ya ile sweta. Alikuwa msichana wa miaka 17, rika langu. Alitolewa kwa nyumba ya shangazi yake, polisi mbele, umati nyuma. Nilimwona akipita. Alikuwa anatembea pole pole, ameshika tumbo. Alikuwa amezaa usiku uliotangulia, peke yake, na hakuna aliyekuwa amempeleka yeye hospitali. Kuhusu baba wa mtoto, hakuna aliyeuliza. Hata mimi.

Mtu mmoja tu aliuliza kitu tofauti. Cucu wangu alikuwa ameketi jikoni, nikamwonyesha video nikidhani atanisifu. Aliitazama mpaka mwisho, akanirudishia simu. "Haya, wewe mwenye simu, niambie. Usiku huo, na mvua hiyo, angempeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilifuta video, lakini wakati huo ilikuwa imechelewa. Miaka imepita, sasa mimi ndiye mtu wa kontenti, na lile swali halijawahi kuniacha. Kwa hivyo nimelifuata nyuma, mwaka kwa mwaka. Hii posti ni ndefu, nawaomba mnivumilie.

Kabla ya korti

Tusijidanganye kwamba zamani mambo yalikuwa matamu. Kati ya Agikuyu kulikuwa na uzazi uliogopwa. Katika baadhi ya koo, mapacha wa uzazi wa kwanza walionekana kama balaa, na mtoto ambaye mama yake alifariki akimzaa naye alikuwa hatarini. Kuna watoto waliwekwa msituni. Hayo yameandikwa, na wazee wakiwa wakweli watakuambia.

Lakini msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa hakuachwa peke yake na siri. Mwanaume alitajwa, wazee wakaketi, ukoo wake ukalipa faini ya mbuzi. Mtoto alihesabiwa wa boma la babu yake mzaa mama. Msichana aliaibika, ndiyo, na thamani yake ya kuolewa ilishuka. Hilo silitetei. Ninachosema ni kwamba mtoto alikuwa na pahali pa kuwekwa, na mwanaume alikuwa na deni.

Tena kulikuwa na njia ya kumfanya mtu asiye na ukoo kuwa mtu wa ukoo: gũciarwo na mbũri, yaani kuzaliwa kwa mbuzi. Mbuzi anachinjwa, sherehe inafanywa, na kuanzia siku hiyo mgeni amezaliwa kwenu. Hakuna tena kuuliza damu yake ni ya nani. Hiyo teknolojia tulikuwa nayo.

Kifungu kilichokuja bila mlango

Sasa twende mbali kidogo, Uingereza, kwa sababu sheria iliyomshika yule msichana ilianzia huko.

Mwaka wa 1624 bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyolenga akina mama ambao hawajaolewa. Mtoto akipatikana amekufa na mama alikuwa ameficha kifo hicho, alichukuliwa kuwa muuaji, isipokuwa aonyeshe kwamba mtoto alizaliwa tayari amekufa. Yaani yeye ndiye alihitajika kujitetea. Adhabu ilikuwa kunyongwa. Je, watoto waliacha kutupwa? Hapana. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, nahodha mstaafu wa meli anayeitwa Thomas Coram alikuwa bado anaona watoto wameachwa kando ya barabara za London. Alihangaika miaka 17 akiomba matajiri saini. Mwaka wa 1739 alipata kibali cha mfalme, na mwaka wa 1741 nyumba yake ya kupokea watoto, Foundling Hospital, ikafungua mlango.

Kuna kitu kuhusu hiyo nyumba ambacho hunigusa kila mara. Akina mama waliacha alama pamoja na mtoto: kipande cha kitambaa, kifungo, sarafu iliyokatwa nusu. Ilikuwa ili siku moja wakipata uwezo, warudi waseme huyu ni wangu. Nyingi za alama hizo bado zimehifadhiwa London, maana mama wengi hawakuweza kurudi.

Kwa hivyo Uingereza ilianza na adhabu, na baada ya zaidi ya karne moja ikaongeza mlango. Halafu ikaja kwetu. Mwaka wa 1930 koloni la Kenya lilipata Kanuni ya Adhabu, na tunaitumia mpaka leo ikiwa imerekebishwa hapa na pale. Kifungu cha 227 kinasema mtu akificha maiti ya mtoto mchanga ili kuzaliwa kwake kusijulikane, ana kosa, hata kama mtoto alizaliwa amekufa. Kumtelekeza mtoto pia ni kosa. Kifungu cha 210 kinahusu mama anayesababisha kifo cha mtoto wake wa chini ya miezi 12 akili yake ikiwa imevurugwa na uzazi, na angalau hicho kina huruma kidogo: hahesabiwi muuaji wa kawaida.

Walituletea vifungu. Mlango wa Coram hawakuleta. Kilichojaribu kuwa mlango kilikuwa misheni. Wakonsolata waliingia nchini mwaka wa 1902 na kujenga Mathari hapa Nyeri, Wapresbiteri wakaanza Tumutumu mwaka wa 1908, na nyumba hizo zikapokea mayatima na watoto waliokataliwa. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini ni wema wa dini, na mtu anaweza kukufungulia au asikufungulie. Haukuwa haki iliyoandikwa mahali.

Miaka kumi ambayo shule haikunifundisha

Cucu alikulia wakati wa Imajensi. Mwaka wa 1954 na 1955 serikali ya kikoloni ilihamisha zaidi ya watu milioni moja, wengi wao Wakikuyu, ikawaweka katika vijiji vyenye mitaro na walinzi. Yale ndiyo makazi cucu anaita gĩcagi, neno ambalo sisi tunalitumia kwa raha tukisema tunaenda gichagi Krismasi. Baba walikuwa kizuizini au msituni, mama wanachimba mitaro kwa lazima, watoto wametawanyika. Mwaka wa 1955, katikati ya hayo yote, ndipo Child Welfare Society of Kenya ilianzishwa kushughulikia watoto waliopoteana na wazazi wao. Ipo mpaka leo.

Halafu mwaka wa 1959 kikatokea kitu ambacho sikuwahi kukisoma shuleni. Sheria iliyoitwa Affiliation Act ilimruhusu mwanamke ambaye hajaolewa kumpeleka kortini mwanaume aliyemzalisha. Akithibitisha, korti inaamuru mwanaume alipe pesa za kumlea mtoto. Cucu anakumbuka rafiki yake aliyempeleka mwalimu mmoja kortini hapa Nyeri mwaka wa 1966. "Alilipa," cucu anasema, na akisema hivyo anacheka mpaka leo. "Alikuwa analipa na uso ameukunja hivi, lakini alilipa."

Sheria hiyo iliishi miaka kumi pekee. Wanaume walilalamika kwamba wanawake wameigeuza biashara, eti wanazaa na huyu na yule ili wakusanye pesa. Wakasema si ya Kiafrika, kana kwamba faini ya mbuzi ililetwa na Wazungu. Mwaka wa 1969 Bunge likaifuta. Sasa angalia hapa: Bunge hilo halikuwa na mwanamke hata mmoja. Grace Onyango, mbunge wa kwanza mwanamke Kenya, alichaguliwa Desemba ya mwaka huo huo, baada ya mambo kuisha.

Mdogo wa yule rafiki wa cucu alipata mtoto mwaka wa 1970. Alienda korti ile ile, akaambiwa sheria haipo. Miaka minne tofauti, familia moja, korti moja.

Kifungu cha kumshika mama kilibaki. Cha kumshika baba kiliondoka. Na hali ilikaa hivyo zaidi ya miaka 30. Sheria ya Watoto ya 2001 ilirudisha baba kidogo tu, kwa sababu baba ambaye hakuoa mama hakuwa na wajibu wa moja kwa moja mpaka amkubali mtoto, akae naye au aombe mwenyewe. Katiba ya 2010, Ibara ya 53, ndiyo iliyosema wazi kwamba wajibu wa mama na baba ni sawa, wawe wameoana au la. Na mpaka Mei 2016, jina la baba ambaye hajaoa halingeweza kuandikwa kwa cheti cha kuzaliwa bila yeye kukubali. Ilibidi mama mmoja aende Mahakama Kuu, na Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba kifungu hicho kinavunja Katiba.

2016, wasee. Miaka miwili tu kabla ya ile video yangu. Ndiyo maana nasema pale shambani swali letu halikutoka hewani. Tulikuwa tumefundishwa na sheria kumtafuta mtu mmoja tu.

Tunajua kumpokea mtoto

Sasa hapa nataka kuwa mkweli, kwa sababu kuna watu wanafanya kazi na hawarekodi video.

Mtoto akiokotwa Kenya, kuna njia. Polisi wanaandika kwenye kitabu cha matukio, hospitali inampima, afisa wa watoto anaitwa, korti inatoa amri awekwe mahali salama. Polisi wanatafuta jamaa, na baada ya miezi bila mtu kujitokeza wanaandika barua ya mwisho. Kisha shirika la kuasilisha linaweza kumtangaza yuko huru kupata familia. Hata uraia ameshapewa: Ibara ya 14 ya Katiba inasema mtoto anayepatikana Kenya, anayeonekana kuwa chini ya miaka minane na wazazi wake hawajulikani, anachukuliwa kuwa raia kwa kuzaliwa. Naipenda sana hiyo ibara. Ni kama gũciarwo na mbũri, ila mbuzi ni Katiba.

Na kuna nyumba ndogo ndogo zinazobeba huu mzigo. New Life Home Trust ilianza Nairobi mwaka wa 1994, wakati watoto wengi walikuwa wanaachwa hospitalini kwa sababu ya Ukimwi na watu wanaogopa hata kuwashika. Baadaye ilifungua nyumba Kisumu, Nakuru na hapa Nyeri. Ukienda nyumba kama hizo hutapata maajabu. Utapata nepi zimeanikwa, ratiba ya maziwa imebandikwa ukutani, na mama mlezi ambaye hajalala vizuri.

Sera ya nchi, kuanzia mkakati wa mwaka 2022 hadi 2032, ni watoto watoke kwa makao waende kwa familia, na nakubaliana nayo kabisa. Mtoto anahitaji mtu wake, si zamu ya walezi. Lakini yote hayo yanaanza baada ya mtoto kuokotwa. Je, kabla? Kati ya saa nane usiku na asubuhi mtu akienda kukata majani, sheria inasema nini?

Jibu ni kwamba mama anaruhusiwa kumtoa mtoto aasiliwe. Anaweza kwenda kwa afisa wa watoto au shirika la kuasilisha, apewe ushauri, na idhini yake haichukuliwi mpaka mtoto afikishe wiki sita, ili asiamue kwa uchungu wa leo. Ni njia nzuri. Lakini uliza msichana yeyote wa kidato cha tatu kama anaijua. Na hiyo ni njia ya mchana, ya ofisi, ya kitambulisho. Hakuna kifungu Kenya kinachosema wazi: ukimkabidhi mtoto wako mchanga, mzima, mikononi mwa muuguzi au polisi, hutashtakiwa.

Wengine walivyofungua

Texas ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka wa 1999, na kufikia 2008 majimbo yote ya Marekani yalikuwa nayo. Nebraska ilikuwa ya mwisho na ikakosea kwa njia ya kusikitisha: ilisahau kuweka kikomo cha umri. Kwa miezi michache watu walileta zaidi ya watoto 30, wengi wao matineja kama ninyi mnaonisoma. Wakarekebisha haraka. Funzo ni kwamba kuandika sheria kwa haraka haraka kuna madhara.

Lakini si lazima tuangalie Marekani. Namibia, Waafrika wenzetu, walipitisha Sheria ya Matunzo na Ulinzi wa Mtoto mwaka wa 2015, ikaanza kutumika 2019. Ndani yake kuna kifungu: mzazi akimwacha mtoto mikononi mwa mtu katika hospitali, kituo cha polisi, kituo cha zimamoto, shule au makao ya watoto, na mtoto hana dalili za kuteswa, hashtakiwi kwa kumtelekeza. Basi. Hakuna dunia iliyoanguka. Afrika Kusini, kanisa moja la Johannesburg lilitoboa ukuta mwaka wa 1999 na kuweka kitanda ndani, mradi wa Door of Hope, na watoto wakaanza kuletwa, ila huko sheria bado haijawafuata.

Najua mtaniambia nini. La kwanza: hii itahimiza wasichana kutupa watoto. Jamani, yule msichana hakuhimizwa na chochote. Hakuwa na mlango na bado alimwacha shambani. Tofauti ingekuwa pahali alipomwacha.

La pili ni zito zaidi na sitalikimbia: mtoto ana haki ya kujua alikotoka. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za mtoto imekosoa yale masanduku ya kuachia watoto kwa sababu hiyo hiyo. Mtoto akiachwa bila jina, anakua na ukurasa mtupu. Ujerumani ilijaribu kutatua hili. Tangu Mei 2014 mama anaweza kujifungua hospitalini kwa jina la siri, jina lake halisi likafungwa kwenye bahasha, na mtoto akifika miaka 16 anaweza kuomba kuifungua. Mama anapata daktari, mtoto anapata uhai leo na ukweli kesho. Ukiniuliza, hiyo bahasha ni kipande cha kitambaa cha akina mama wa London, ila sasa kimeandikwa kwenye sheria.

La tatu huwa naletewa na vijana wenzangu wa kiume: na sisi je, mama akitoa mtoto bila kutuambia? Swali halali. Sheria nzuri itaweka muda wa baba kujitokeza. Lakini ndugu yangu, kwanza ujitokeze. Tangu 1969 tumekuwa wagumu kuonekana.

Ninachotaka

Sitaki mengi. Kifungu kimoja katika Sheria ya Watoto ya 2022: siku kadhaa za kwanza, mikononi mwa mtu, mahali palipotajwa, bila kushtakiwa. Jina kwenye bahasha. Mama atibiwe. Muda wa kubadilisha mawazo. Na nyumba ndogo zinazopokea watoto ziitwe mezani wakati sheria inaandikwa, kwa sababu wao ndio wanajua mtoto wa saa tatu anahitaji nini.

Na wewe, ukipata mtoto ameachwa: mfunike, mpashe joto kifuani, piga simu, na simu ikishapiga irudi mfukoni. Namba ni 116, ya Childline Kenya, bure, usiku na mchana. Msichana mwenye mimba na hofu anaweza kuipiga pia. Hana haja ya kungoja mpaka mambo yaharibike.

Yule msichana nilimwandikia mwaka jana nikiomba msamaha. Ameona, hajajibu, na si lazima ajibu. Jina lake hamtalipata kwangu.

Mwezi uliopita nilichapisha karatasi 20 za rangi ya njano zenye ile namba na maneno machache kwa Kikuyu na Kiswahili. Cucu ndiye alisahihisha Kikuyu changu. Nimezibandika milango ya ndani ya vyoo vya akina mama, steji, sokoni na kanisani, baada ya kuomba ruhusa kwa naibu wa chifu. Nne tayari zimebanduliwa. Nimechapisha zingine. Ukipita Giakanja ukaiona, tafadhali iache hapo.